Hatamu za Gwaride la Tarehe Nne

Kettle Springs, Wyoming
11 Februari 1984

Twyla,

Aibu umeiweka wapi? Tangu uende huko Alaska nimekuandikia barua tatu, na wewe umenijibu kwa kadi moja ya Krismasi yenye picha ya dubu. Dubu! Mimi bibi yako nina miaka sabini na nane, dubu nimewaona mpaka nimewachoka, na mmoja alinimalizia kuku. Nilitaka maneno. Mkono ulioweza kufunga begi asubuhi moja ukaondoka bila kunywa hata kahawa, unaweza pia kushika kalamu.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wa baba yako bado unamsumbua, lakini Vernon ni Vernon, anapanda greda lake la theluji kila alfajiri akinung'unika, anarudi akinung'unika. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Farasi wetu, Juno na Mabel, wamenenepa kama wake wa wachungaji. Kwenye bwawa la maji moto wamebaki wageni wawili kutoka Denver, wanaoga nje nywele zikiwaganda, wanasema ni afya. Mimi sijasema kitu.

Sasa nisikilize. Kamati ya majira ya joto ilikaa Jumatatu. Unamjua Delbert Roake, yule mwenye moteli, tangu awe mwenyekiti anatembea kana kwamba milima aliichonga yeye. Akasimama akasema gwaride la tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, mwaka huu litaongozwa na gari jekundu lisilo na paa, na ndani atakaa msichana mwenye taji la mashindano ya farasi ya rodeo akipunga mkono. Nikamwuliza, "Na gari letu la farasi?" Akasema, "Mama Haskell, baada ya yale ya mwaka jana, watu wana hofu."

Hofu! Gari lile lilipita mtaa ule kabla mtaa haujawa mtaa. Miaka sitini na moja sisi Haskell ndio tunaofungua gwaride, kwenye mvua, kwenye vita. Mwaka aliokufa babu yako, tulimzika Jumanne na Jumatatu iliyofuata mimi niliendesha na gauni langu jeusi. Likikaa nyuma mwaka mmoja, Twyla, halirudi mbele tena. Mwaka wa pili litakuwa nje ya makumbusho, watalii wanapandisha watoto wapige picha.

Nikapigana nao saa nzima. Mwisho wakatoa sharti. Mwendeshaji awe chini ya miaka sabini, na aje mwenyewe Jumamosi ya tarehe 23 Juni, uwanja wa rodeo, awaendeshe farasi mbele ya kamati nzima. Baba yako hawezi, na hata kama mgongo ungempa nafasi, farasi wenyewe wanamcheka.

Nikawaambia utakuja wewe. Jina lako liko kwenye karatasi, nimeliandika mimi.

Bibi yako,
Orpha Haskell

*

Alaska
6 Machi 1984

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ile kadi ya dubu, dukani hapa kuna dubu na nyangumi tu, na nyangumi alikuwa ameloa.

Mimi ni mzima. Sasa tunasindika kaa, samoni bado mpaka Juni. Nasimama saa kumi kwa siku na buti za mpira, mikono inanuka hata nikiiosha kwa limau. Ninaishi chumba kimoja na mama mmoja Mfilipino anaitwa Remedios. Ananiita "binti wa farasi" kwa sababu anasema nikilala natoa ile sauti ya ulimi ya kuwaita. Msalimie baba. Mwambie asinyanyue mifuko ya shayiri peke yake.

Bibi, futa jina langu. Siji.

Wewe ulikuwepo. Hatamu zilikuwa mikononi mwangu, mbele ya benki, watu wamejaa pande zote mbili. Farasi wakagongana, gari likapinda, gurudumu likampanda mzee Ansel Krug mguu. Mji mzima uliona. Kufikia jioni ilishasemwa kwamba nilikuwa nimekunywa, na baba mwenyewe aliniuliza kama ni kweli. Sikuwa nimekunywa. Lakini sina hamu ya kukaa tena juu ya kile kiti watu wakinihesabia pumzi.

Mguu wa mzee Ansel unaendeleaje?

Mjukuu wako,
Twyla

*

Kettle Springs
25 Machi 1984

Twyla,

Barua nimepata. Remedios mwambie namsalimu, na sauti hiyo ya ulimi uliirithi kwangu, siyo kwa mama yako.

Theluji inayeyuka, barabara ni tope tupu. Delbert ameanza kupaka moteli yake rangi ya chungwa. Wale wanaume wa onyesho la bunduki, wanaoigiza wizi wa benki kwa watalii, wameanza mazoezi mtaani. Ansel anatembea na mkongojo. Kazi ya ujambazi wamemnyang'anya kwa sababu hawezi kuanguka vizuri, mwaka huu atakuwa mzika maiti, anavaa kofia ndefu na kupima wenzake kwa kamba. Miaka ishirini mtu yule alipigwa risasi mbele ya benki kila jioni saa kumi na mbili, watalii wakipiga makofi, akainuka, akaenda kula. Hakuwahi kupata hata mchubuko mpaka siku tuliyompitia sisi. Ana hasira, na ana haki.

Mambo mengine ni ya kipuuzi. Mtu amehamisha kopo langu la sukari, kanisani nikapeleka pai mbili za tufaha za chumvi. Mchungaji alikula kipande chote, maskini, ndiyo imani hiyo. Na wiki iliyopita nilimwamkia Delbert mlangoni pa makumbusho, mara mbili, asinijibu, nikamwambia alivyo na malezi yake. Kumbe wameweka sanamu mpya ya sherifu pale mlangoni. Nani anaweka sanamu mlangoni? Nimewapelekea malalamiko.

Haya. Unasema huji. Mimi nitakwambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia. Kosa ulilifanya. Uliwalegezea hatamu. Ansel alipofyatua ile baruti yake, wewe ulipaswa kuwa umeshawabana, na mkono wako ulikuwa mwepesi, nimekuambia tangu una miaka tisa. Wale farasi miaka tisa wanatembea pamoja, hawakuwahi kugongana hata siku moja. Kwa hiyo kosa ni la mkono. Lakini kosa hutengenezwa pale pale lilipofanyika. Hakuna aliyewahi kulitengeneza akiwa Alaska.

Karatasi sifuti.

Orpha

*

Alaska
14 Aprili 1984

Bibi,

Shikamoo. Huku mvua, jana, leo, na kesho wamesema mvua. Remedios amepata mjukuu wa kiume kwao, tumekula tambi jikoni watu kumi na moja kusherehekea. Mimi nilipika biskuti zako, wakazisifu.

Kuhusu kulegeza hatamu, sina la kusema.

Nina swali. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari miwili iliyoandikwa mmoja juu ya mwingine, nikatumia nusu saa kuisoma. Na bahasha uliigeuza, stempu iko nyuma. Bibi, lini mara ya mwisho ulikwenda kwa daktari wa macho? Usinijibu kwamba ni taa. Mwombe baba akupeleke mjini Casper.

Na ombi moja. Najua ikifika Mei utaanza kuwafanyisha mazoezi. Kabla hujawafunga kwenye gari, waguse masikio. Wote wawili. Tafadhali usiniulize kwa nini.

Twyla

*

Kettle Springs
6 Mei 1984

Wewe,

Leo salamu hupati.

Niguse masikio? Mimi? Nimefunga farasi kwenye gari kabla baba yako hajazaliwa. Nimewafunga nikiwa na mimba yake, nimewafunga gizani, nimewafunga na mkono mmoja mwaka niliovunjika mwingine. Na wewe mtoto wa juzi, unayenuka kaa, unanifundisha pa kushika!

Macho yangu hayana kitu. Ni taa.

Usiniandikie mpaka uwe na la maana.

*

Kettle Springs
20 Mei 1984

Twyla, mjukuu wangu,

Hujambo? Baba yako hajambo. Kaa kitako kabla hujaendelea. Naandika kwa rula, naiweka chini ya mstari na kuishusha, kwa hiyo mistari safari hii haitapandana.

Alhamisi niliwatoa kwa mara ya kwanza mwaka huu. Niliwavika matandiko, nikawafunga, nikapanda. Hatukufika hata langoni. Walikuwa wakisukumana kama watu wawili kwenye kitanda kimoja. Nikawakemea, nikawabana hatamu kweli kweli, wakazidi. Juno, ambaye hajawahi kunitazama vibaya, alipiga teke ubao wa gari.

Nikashuka. Nilikuwa na hasira na farasi, na hasira nawe zaidi, nikasema basi acha niyaguse hayo masikio ili nimwandikie yule mtoto nimtukane kwa ushahidi. Nikaenda kwa aliye kushoto, ambaye siku zote ni Juno. Kidole changu kikaingia kwenye pengo la sikio. Twyla, Juno hana pengo. Mwenye pengo ni Mabel, aliyejikata kwenye waya wa miiba akiwa mwana-farasi.

Nilimweka Mabel kushoto. Miaka tisa hajawahi kufungwa kushoto. Wote wawili ni weupe, mama mmoja, kimo kimoja, na mimi nilikuwa nimesimama karibu nao kama nilivyo karibu na karatasi hii, na nisingekula kiapo ni yupi.

Nikageuza ndoo nikaikalia. Nikakumbuka asubuhi ya tarehe nne. Wewe ulikuwa ukifunga maua kwenye magurudumu. Nani aliwafunga farasi? Mimi. Hakuna mwingine aliyewagusa. Kwa hiyo baruti ilipolia, kila mmoja alikimbilia upande aliouzoea, na upande huo alikuwepo mwenzake. Hapo hata babu yako asingeweza kuwazuia. Mkono wako haukuwa mwepesi. Na mimi mwezi wa tatu nilikuandikia yale niliyokuandikia.

Ijumaa baba yako alinipeleka Casper. Jicho la kulia halina kazi tena. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa. Daktari ni kijana mwenye adabu. Nilimwambia ni taa, akasema, "Siyo taa, mama."

Jana kamati ilikutana kwenye jengo la wazima moto, walikuwa wakipanga ile asubuhi ya kulisha watu chapati za maji. Niliingia katikati ya hesabu za unga. Delbert akasema, "Mama Haskell, wewe uko kwenye ajenda ya Juni."

Nikamwambia, "Kaa chini, Delbert, ajenda imekuja yenyewe."

Nikawaeleza. Juno, Mabel, kushoto, kulia, sikio, Casper. Sikuficha kitu. Ansel Krug alikuwa nyuma kabisa, mguu ameunyoosha juu ya kiti. Akasema, "Mwaka mzima, Orpha, nimewaambia watu nilikanyagwa na msichana mlevi."

Nikasema, "Sasa waambie ulikanyagwa na bibi kipofu asiyetaka kujulikana."

Akasema, "Hiyo ni mbaya zaidi. Mlevi angalau kesho yake hupona."

Watu wakacheka, mimi sikucheka, nilistahili. Delbert naye akaona mwanya wake. "Sasa unaona, Mama Haskell? Hofu imezidi. Tubaki na gari jekundu."

Nikamwambia, "Nyinyi mlikuwa na hofu na mwendeshaji. Mwendeshaji hakuwa na kosa. Aliyekosa ni mfungaji, na mfungaji nimemfukuza kazi Alhamisi, juu ya ndoo. Sharti lenu ni tarehe 23, na tarehe 23 haijafika."

Wakapiga kura. Sharti limebaki. Kura tano kwa nne, na moja ya hizo tano ni ya Ansel.

Lakini kuna jambo halinipi usingizi, nalo nataka jibu. Aliyekaa kwenye kiti cha mwendeshaji, kitu cha kwanza anachokiona mbele yake ni masikio manne. Wewe una macho mazima. Uliona, au hukuona?

Bibi yako

*

Alaska
30 Mei 1984

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini, nimesimama, na msimamizi akanipigia kelele mpaka Remedios akamwambia nimefiwa. Sikumsahihisha.

Niliona.

Niliona mara tu nilipokaa. Gwaride lilikuwa limeshapangwa, bendi ya shule nyuma yetu, wazima moto nyuma yao. Wewe ulikuwa umesimama kando na lile gauni la bluu, na yule mwandishi wa gazeti alikuwa akikuuliza umewafunga farasi kwa miaka mingapi. Ulikuwa unamwambia, "Sijawahi kukosea kamba hata moja." Mimi nikasema moyoni, nikishuka sasa nikawafungua, atasikia kila mtu. Ni mtaa mmoja tu, ni mwendo wa dakika kumi. Nitawabana.

Niliwabana, Bibi. Mikono ilinitoka damu. Haikusaidia.

Baadaye waliposema nimekunywa, nikaona heri hivyo. Mimi nina miaka ishirini na minne, jina langu linaweza kuota tena. Lako wewe lingekuwa ndilo jambo la mwisho wanalokukumbukia. Nikaondoka kabla sijabadili mawazo.

Sasa umesema mwenyewe, mbele yao wote. Sikutaka iwe hivyo. Nilikuandikia kuhusu masikio kwa sababu niliogopa utaumia, siyo ili ukasimame kwenye jengo la wazima moto.

Umeniuliza nami nimejibu. Kuja, sijui. Samoni wanaanza tarehe 20, na atakayeondoka kabla hapati nafasi tena. Na bado nausikia ule mlio wa gurudumu likipanda mfupa. Nani atawafunga farasi? Baba? Wewe umejifukuza. Na je, nikikaa pale mikono ikaanza kutetemeka mbele ya Delbert?

Nisalimie Mabel. Na Juno.

Twyla

*

Kettle Springs
7 Juni 1984

Twyla,

Hatujambo. Nyasi zimepanda, watalii wa kwanza wameshafika, mmoja ameniuliza kama mimi ni sehemu ya maonyesho. Nimemwambia ndiyo, na kiingilio ni kunibebea mifuko mpaka nyumbani. Amebeba.

Barua yako baba yako amenisomea jikoni. Nilikuwa nimemkataza kunisomea barua, sasa nimekubali, ndivyo nilivyo siku hizi. Alipofika pale kwenye kulewa aliacha kusoma. Akatoka nje akakaa kwenye greda, wala halikuwa likiwaka. Aliporudi alisema atakuja kukupokea mwenyewe kituo cha basi, na kwamba ana neno lake la kukwambia. Muache aliseme.

Sasa langu. Ulinionea haya. Mtu mzima aliyekulea, aliyekufundisha kuongea, umemwona anakosea, ukanyamaza ili asiaibike mbele ya mwandishi wa gazeti. Nani alikufundisha heshima ya namna hiyo? Pengine ni mimi, kwa kuwa mkali mpaka watu wakaona heri gari lipinduke kuliko kuniambia, "Bibi, umekosea." Hilo nalibeba. Lakini na wewe ubebe lako. Kiburi changu kiliwafunga wale farasi, na adabu yako ikawaendesha. Mguu wa Ansel uliliwa na vyote viwili.

Mimi nimesema sehemu yangu. Sehemu yako sikuisema kwenye kamati, kwa sababu sikuijua, na sasa ninapoijua sitaisema. Siyo yangu.

Unauliza nani atawafunga. Wewe. Kila ukanda, kila kishikizo, na mikono yako mwenyewe. Mimi nitasimama kando, na nikifungua mdomo kukwambia jambo lisilo sawa, unanikatalia hapo hapo, kwa sauti, hata kama gavana amesimama karibu. Tarehe nne nitakaa kwenye gari nyuma, kwenye benchi, na watoto wa shule ya Jumapili na vibendera vyao. Sitakaa mbele. Nimeshamwambia Delbert, nusura anihurumie, nikamtazama akaacha.

Kuhusu mikono kutetemeka: yangu ilitetemeka mwaka ule wa gauni jeusi, mwanzo wa mtaa mpaka mwisho. Farasi hawakujali. Farasi anajali kama unajua unakokwenda. Na samoni, Twyla, walikuwepo kabla yako na watavuliwa bila wewe. Hapa hakuna mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Barua hii ikikufikia, usimalize zamu. Panda ndege ya kwanza, kisha basi, uwe hapa kabla ya tarehe 20, upate siku tatu na farasi. Jumamosi saa tatu asubuhi kamati itakuwa imekaa kwenye jukwaa la uwanja wa rodeo, na Ansel atakuwa kwenye kiti cha kwanza kwa sababu ya mguu. Farasi waache wamefungwa tayari langoni, baba yako atawashikia vichwa. Wewe uvuke ule mchanga kwa miguu, peke yako, mpaka mbele ya Ansel. Umwambie uliona na ukanyamaza. Mtazame usoni, na ungoje atakalosema, lolote lile, usijitetee.

Akimaliza, rudi langoni, upande, uwaendeshe.

Orpha